Mali bila daftari: Jinsi ya kuorodhesha na kuchora ramani ya seva pepe

Jioni ya Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Ulianzia kwenye betri za lithiamu, ukaingia katika ukumbi wa seva, na huduma nyingi za umma zikasimama. Wakuu wa serikali walitangaza kwamba mifumo 647 ilikuwa imezimwa. Karibu wiki mbili baadaye, idadi hiyo ilirekebishwa ikawa 709.

Si kwamba mifumo mingine 62 iliharibika baada ya moto kuzimwa. Ni kwamba mfumo uliokuwa ukiweka orodha ya mifumo yote nao ulikuwa miongoni mwa ile iliyozimwa. Ulipofufuliwa ndipo ikajulikana hasa ni mingapi iliyokuwa mle ndani. Kwa muda wote huo, taifa linalosifika duniani kwa teknolojia lilikuwa likihesabu hasara yake bila daftari kamili.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini leo yafaa kubandikwa katika mlango wa kila chumba cha seva. Makala haya yanaeleza zana zinazotumiwa kuweka daftari hilo na kulichorea ramani, hasa pale ambapo seva zenyewe hazishikiki kwa mkono.

SEVA PEPE NI NINI?

Seva ni tarakilishi inayohudumia tarakilishi nyingine: huweka faili, hupokea barua pepe, huendesha tovuti au hifadhidata. Seva pepe hufanya kazi hizo hizo, ila haina umbo la kushikika. Ni programu inayojifanya tarakilishi kamili, yenye kichakataji, kumbukumbu, diski na anwani yake. Mtambo mmoja halisi unaweza kubeba seva pepe nyingi, kila moja ikiamini kwamba iko peke yake.

Programu inayogawa mtambo halisi kwa namna hiyo huitwa haipavaiza. Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi katika miaka ya 1960 na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa ajili ya mitambo yake mikubwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1998, ndiyo iliyolifanya jambo la kawaida katika seva ndogo za ofisini, hasa ilipotoa ESX Server mwaka 2001.

Mwaka 2003 Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. KVM iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, nazo Hyper-V ya Microsoft na Proxmox VE zikafuata mwaka 2008.

KWA NINI HUPOTEA?

Seva halisi huacha nyayo. Ina stakabadhi ya ununuzi, kibandiko cha mali ya kampuni, waya wa stima na nafasi yake katika raki. Asiyeijua anaweza kuifuata kwa macho mpaka aione.

Seva pepe huzaliwa kwa dakika chache bila stakabadhi yoyote. Fundi anaombwa seva ya majaribio asubuhi, anaiumba kabla ya chai ya saa nne, kisha mradi unakufa na seva inabaki. Jina lake huenda likawa "jaribio2", na miaka mitatu baadaye hakuna anayethubutu kuizima kwa sababu hakuna anayejua nani anaitegemea. Wakati huo wote inakula kumbukumbu na diski, na kama haiwekewi marekebisho ya usalama, ni mlango ulioachwa wazi.

Tena, seva pepe huhama. Tangu mwaka 2003, teknolojia ya vMotion ya VMware imeiwezesha seva kuhamishwa kutoka mtambo mmoja hadi mwingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, na baadaye kazi hiyo ikaachiwa programu yenyewe iamue. Mchoro uliochorwa Jumatatu unaweza kuwa wa uongo kufikia Alhamisi. Ndiyo sababu daftari la seva pepe haliwezi kuandikwa mara moja likafungwa kabatini.

MAMBO YA KUANDIKWA

Daftari kamili lina tabaka tano. La kwanza ni mitambo halisi: ni mingapi, iko chumba gani, ina vichakataji vingapi na kumbukumbu kiasi gani. La pili ni hifadhi, yaani mahali ambapo diski za seva pepe zimewekwa. La tatu ni mtandao: swichi halisi, swichi pepe na anwani za IP. La nne ni seva pepe zenyewe, pamoja na mfumo endeshi wa kila moja. La tano, ambalo husahaulika zaidi, ni utegemezi: huduma ipi haiwezi kusimama bila nyingine, na ni nani mwenye kuimiliki.

Tabaka hilo la tano ndilo huokoa watu siku ya shida. Chukua mfano wa ofisi yenye seva mbili za hifadhidata, moja ikiwa ya akiba ili ishike kazi nyingine ikianguka. Katika orodha zinaonekana mbili na mkuu wa idara analala usingizi. Mchoro ndio humwonyesha kwamba zote mbili zimehamia mtambo mmoja halisi. Mtambo huo ukifa, zote zinakufa pamoja.

ORODHA KWANZA, MCHORO BAADAYE

Kosa la wengi ni kuanza kwa kuchora. Mchoro usiotokana na orodha sahihi hupendeza ukutani na kupotosha kazini. Kazi ya kwanza ni kuuliza mitambo yenyewe ina nini ndani yake, na zana za kufanya hivyo zipo.

Miongoni mwa watumiaji wa VMware, inayojulikana zaidi ni RVTools, iliyotungwa na Rob de Veij wa Uholanzi na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Sasa iko chini ya kampuni ya Dell, na hailipiwi. Huwekwa kwenye tarakilishi ya Windows, ikaunganishwa na vCenter, ambayo ndiyo programu kuu ya kusimamia mitambo ya VMware. Baada ya muda mfupi huleta majedwali ya seva zote, vichakataji, kumbukumbu, diski, mitandao, mitambo halisi na hifadhi. Majedwali hayo huweza kuhifadhiwa kama lahajedwali la Excel.

Faida yake haiishii katika kuhesabu. Jedwali mojawapo huonyesha faili za diski zinazoelekea kuwa hazina mwenyewe, yaani mabaki ya seva zilizofutwa zamani. Lingine huonyesha nakala za papo kwa papo, ambazo fundi huchukua kabla ya kufanya mabadiliko ili aweze kurudi nyuma akikosea. VMware imekuwa ikishauri nakala moja ya aina hiyo isitumiwe kwa zaidi ya saa 72, kwa kuwa huzidi kuvimba mpaka ikajaza hifadhi na kuzisimamisha seva zilizomo.

Tahadhari moja ni muhimu. Mwaka 2025 watafiti wa usalama waliripoti kuwepo kwa nakala za RVTools zilizotiwa programu hasidi. Zana ya namna hii hutumiwa na watu wenye funguo zote za nyumba, kwa hiyo ni windo zuri kwa wahalifu. Inapaswa kupakuliwa kutoka kwa mwenyewe pekee, na alama ya uhakiki ya faili kukaguliwa kabla ya kuifungua. Vilevile, kazi ya kuorodhesha yahitaji akaunti ya kusoma tu. Hakuna sababu ya kuipa uwezo wa kubadilisha chochote.

Wanaopendelea kuandika amri wana PowerCLI, seti ya amri za VMware zinazotumika ndani ya PowerShell ya Microsoft. Kwa skripti fupi, orodha inaweza kutolewa kila usiku na kulinganishwa na ya jana, ili asubuhi ijulikane seva ipi imezaliwa na ipi imetoweka. Alan Renouf alitunga vCheck, skripti inayokagua mitambo na kutoa ripoti ya kasoro inayoweza kutumwa kwa barua pepe. Mradi huria wa As Built Report, ulioanzishwa na Tim Carman, huenda mbali zaidi: huandika waraka mzima wa Word au HTML unaoeleza jinsi mitambo ilivyopangwa.

Wasiotumia VMware hawakuachwa nyuma. Hyper-V huulizwa kwa amri ya Get-VM katika PowerShell. Kwenye KVM, amri ya virsh list --all hutaja seva zote, hata zilizozimwa, nayo virsh dumpxml hutoa maelezo kamili ya seva moja. Proxmox huweka maelezo ya kila seva katika faili za maandishi ndani ya /etc/pve, ambazo hunakiliwa na kusomwa kwa urahisi.

KUCHORA KWA MKONO

Kwa miaka mingi, mchoro wa seva ulimaanisha Visio. Programu hiyo ilitolewa mwaka 1992 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Shapeware, na Microsoft ikainunua mwaka 2000. Nguvu yake ni maumbo yaliyotayarishwa, ambapo mchoraji huchukua umbo la seva, swichi au raki na kuliweka mahali pake. Udhaifu wake ni bei, pamoja na ukweli kwamba si kila mtu katika ofisi anayo.

Mbadala unaotumika sana ni draw.io, inayoitwa pia diagrams.net. Hufanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo, na kuna toleo la kuwekwa kwenye tarakilishi kwa wasiotaka michoro yao ipite mtandaoni. Ina uwezo ambao wengi hawaujui: hupokea jedwali la CSV na kulichora. Orodha iliyotoka RVTools inaweza kupangwa upya kidogo, ikapachikwa humo, na mchoro wa kwanza ukapatikana bila kuburuta umbo hata moja. Kwenye Linux ipo pia Dia, programu huria ya siku nyingi na nyepesi.

Zipo skripti zinazounganisha kazi hizo mbili. vDiagram, ambayo pia ilianzishwa na Renouf, huchukua habari kutoka VMware kwa PowerCLI na kuichora katika Visio yenyewe.

Chombo chochote kitakachochaguliwa, kanuni ni moja: mchoro mmoja usibebeshwe kila kitu. Ukijazwa seva mia mbili na nyaya zake zote, hakuna atakayeusoma. Afadhali michoro mitatu. Wa kwanza uonyeshe mitambo halisi na mahali ilipo, wa pili uonyeshe mtandao, na wa tatu uonyeshe huduma na utegemezi wake. Kila mmoja uwe na tarehe na jina la aliyeuchora. Mchoro usio na tarehe hauaminiki, hata ukiwa sahihi.

KUCHORA KWA MAANDISHI

Kuna njia nyingine ambayo imepata wafuasi wengi, nayo ni kuandika mchoro badala ya kuuchora. Mwandishi hutaja vitu na uhusiano wake, kisha programu huvipanga yenyewe. Mkongwe wa njia hii ni Graphviz, iliyotoka katika maabara za AT&T nchini Marekani. Katika lugha yake, uhusiano huandikwa hivi:

mishahara -> hifadhidata;

Programu itachora duaradufu mbili na mshale kati yake, kuonyesha kwamba mfumo wa mishahara unategemea hifadhidata. PlantUML na Mermaid ni zana za ukoo huo huo, na tangu mwaka 2022 tovuti ya GitHub huonyesha michoro ya Mermaid moja kwa moja.

Faida kubwa ni kumbukumbu ya mabadiliko. Kwa kuwa mchoro ni maandishi, unaweza kuwekwa ndani ya Git, na kila badiliko likaonekana: nani aliongeza mstari gani, siku gani na kwa sababu gani. Skripti ya usiku inaweza pia kuuandika upya bila mkono wa mtu.

Wanaojenga seva zao kwa Terraform, zana iliyotolewa na HashiCorp mwaka 2014, au kwa OpenTofu iliyochipuka kutokana nayo mwaka 2023, wana amri ya graph inayotoa mchoro katika lugha ya Graphviz. Hata hivyo, penye vitu vingi mchoro huo hugeuka msitu wa mishale. Tena huonyesha tu yaliyoandikwa katika Terraform. Seva iliyoumbwa na fundi kwa mkono, nje ya utaratibu huo, haitaonekana.

REJISTA YA KUDUMU

Orodha husema kilichopo leo. Haisemi kilichopaswa kuwepo. Kazi hiyo ya pili hufanywa na rejista, na inayopendwa na wengi ni NetBox. Ilitungwa na Jeremy Stretch akiwa DigitalOcean, na mwaka 2016 ikafunguliwa kuwa programu huria. Huweka majengo, raki, mitambo, anwani za IP, klasta na seva pepe katika hifadhidata moja.

Watunzi wa NetBox wamesisitiza kwamba inakusudiwa kueleza hali inayotakiwa, wala si kupokea kila kinachookotwa kwenye mitambo. Tofauti hiyo ni muhimu. Rejista ikijazwa na skripti bila kukaguliwa, hurithi makosa yote yaliyopo. Zikiwekwa mbalimbali, rejista upande mmoja na orodha ya RVTools au virsh upande wa pili, tofauti kati yake ndiyo kazi ya siku hiyo: seva iliyopo lakini haijaandikwa, na seva iliyoandikwa lakini haipo.

GHARAMA NA SHERIA

Wapo wakuu wanaoiona kazi hii kuwa anasa ya mafundi. Mabadiliko ya miaka ya karibuni yamewapa sababu ya kufikiri tena. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikatangaza mwisho wa uuzaji wa leseni za kudumu. Badala yake, wateja hulipia kwa vipindi, kwa kuhesabu viini vya vichakataji, na kila kichakataji huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama kina vinane. Ofisi isiyojua ina vichakataji vingapi haiwezi kujua itadaiwa nini, wala kupima kama yafaa kuhamia Proxmox au Hyper-V.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba data hizo zimefikiwa na wasiohusika na huenda wenyewe wakadhurika. Saa hizo ni chache mno kwa mtu anayeanza kutafuta hifadhidata ya wateja ilikuwa kwenye seva gani. Katika daftari, safu moja tu inayosema iwapo seva ina data za watu, na za aina gani, inaweza kuwa tofauti kati ya kutimiza sheria na kuivunja.

Kuna pia suala la stima. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Mitambo inapowashwa upya, kuna mpangilio wake: mtandao, hifadhi, mitambo halisi, seva ya majina, kisha nyinginezo. Ofisi nyingi zimeiweka seva ya majina yenyewe kuwa seva pepe, na vCenter vilevile. Fundi anaweza kujikuta akiihitaji vCenter ili aiwashe seva ya majina, huku vCenter ikiihitaji seva ya majina ili isimame. Mduara kama huo huonekana mara moja kwenye mchoro wa utegemezi. Usipochorwa, huonekana usiku wa manane, gizani.

DAFTARI LENYEWE LILINDWE

Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na mamilioni ya tovuti yakatoweka hewani. Baadhi ya wateja waligundua siku hiyo kwamba nakala zao za akiba zilikuwa mahali pale pale palipokuwa na seva zao. Mchoro wa mitambo halisi na mahali ilipo hutoa jibu la swali hilo kabla ya moto.

Kanuni hiyo inalihusu daftari pia. Likihifadhiwa ndani ya seva linayoieleza, litazama pamoja na jahazi. Nakala moja iwe nje ya jengo, na nyingine ichapishwe kwenye karatasi na kufungiwa. Maneno ya siri yasiandikwe kwenye mchoro kamwe. Yana programu zake maalumu. Tena michoro isitumwe ovyo kwa barua pepe, kwani ramani inayomsaidia fundi humsaidia mwizi pia.

PA KUANZIA

Ofisi ndogo haihitaji kununua chochote ili kuanza. Siku ya kwanza yatosha kutoa orodha ya seva zote kwa RVTools, PowerCLI au virsh. Wiki ya kwanza, kila seva ipewe mwenyewe, yaani jina la idara na mtu wa kuulizwa. Isiyopata mwenyewe isifutwe papo hapo. Iandikwe, itangazwe, izimwe kwa muda, na ikikosa wa kuilalamikia ndipo iondolewe baada ya nakala yake kuhifadhiwa. Mwezi wa kwanza, ichorwe michoro mitatu iliyotajwa. Kuanzia hapo, pasiwe na seva mpya bila mstari mpya katika daftari.

Kipimo cha kazi hiyo ni chepesi. Fundi mgeni apewe karatasi hizo, mitambo yote ikiwa imezimwa, aulizwe aanze na upi. Akijibu bila kumpigia simu aliyestaafu, daftari limekamilika.

Mjini Daejeon, hifadhi ya pamoja ya faili za watumishi wa serikali, yenye terabaiti 858, iliteketea bila nakala nyingine. Fedha na jasho la mafundi havikuweza kuirudisha. Orodha ya mifumo iliweza kurudi, na iliporudi ndipo kazi ya kufufua mingine ilipojulikana ukubwa wake.